Malazi ya bei nafuu kwa anayezunguka Krete kwa gari: chumba cha familia, fleti ya mtandaoni, hoteli ndogo au hema?

Krete ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Urefu wake kutoka magharibi hadi mashariki ni kilomita zipatazo 260, na milima inayokipasua katikati ina vilele vinavyozidi mita 2,400. Maumbile hayo ndiyo yanayoamua gharama ya malazi kwa mtu anayekizunguka kwa gari. Ufukwe wa Elafonisi uko pembe ya kusini-magharibi, magofu ya kasri la Zakros yako ncha ya mashariki, na hakuna kitanda kimoja kinachoweza kumfaa anayetaka kuona vyote viwili bila kumaliza siku nzima kwenye usukani. Msafiri wa namna hii atahama, tena mara kadhaa, na kwa hiyo malazi ya kutafuta ni yale yasiyomtoza zaidi kwa sababu tu amekaa siku mbili akaondoka.

Nalitanguliza jambo hilo kwa kuwa watu wengi hulinganisha tarakimu moja tu, yaani bei ya usiku mmoja inayoonekana kwenye simu, na tarakimu hiyo huficha mengi. Hapa nitalinganisha vyumba vinavyopangishwa na familia, ambavyo Wagiriki huviita domatia. Fleti na nyumba zinazokodishwa kwa muda mfupi mtandaoni. Hoteli ndogo za nyota moja hadi tatu. Na mwisho hema na kitanda cha hosteli. Kipimo changu ni watu wawili wenye gari dogo la kukodi, kati ya Mei na Oktoba. Pale ambapo familia kubwa au msafiri wa peke yake angepata jibu tofauti, nitasema.

Chumba cha familia na fleti ya mtandaoni

Ushindani wa kweli uko kati ya hivi viwili, kwa sababu bei zake kwenye simu hukaribiana sana.

Domatia kwa kawaida ni jengo la ghorofa mbili au tatu ambalo mwenyewe anaishi humo humo, au ana mgahawa chini na vyumba vichache juu. Katika vijiji vya pwani ya kusini kama Paleochora, Plakias, Lentas na Myrtos, utakuta chumba cheupe chenye vitanda viwili vyembamba vinavyoweza kusogezwa vikawa kimoja, na roshani yenye viti viwili na kamba ya kuanikia nguo. Kwenye kona kuna jiko la umeme la plati mbili, friji inayofika kiunoni, sufuria mbili, na kisufuria chenye mkono mrefu cha kuchemshia kahawa. Maji ya moto hutoka kwenye tangi linalopashwa na jua juu ya paa, kwa hiyo anayeoga jioni huyafaidi kuliko anayeoga alfajiri. Nyuma ya mlango hubandikwa karatasi inayoonyesha bei za chumba kwa misimu mbalimbali; inafaa kuisoma kabla ya kulipa, kwa sababu mara nyingi bei utakayotajiwa nje ya Agosti huwa chini ya ile iliyoandikwa, na hapo pana nafasi ya kuzungumza kwa adabu. Mwezi wa Mei, mwanzoni mwa Juni na kuanzia katikati ya Septemba, chumba cha watu wawili kusini hupatikana mara nyingi kwa kati ya euro 40 na 60.

Fleti ya mtandaoni ina faida zake, nami sizidharau. Ina nafasi kubwa zaidi, mara nyingi ina mashine ya kufulia nguo, jiko lake ni jiko kamili, na anayependa faragha hahitaji kuonana na mtu yeyote, kwani ufunguo huachwa kwenye kisanduku cha namba karibu na mlango. Kasoro yake huanza unapojumlisha. Karibu kila fleti hutoza ada ya usafi kwa kila mgeni anayeingia, iwe atakaa siku mbili au kumi. Kwa mtu anayetulia mahali pamoja kwa juma zima, ada hiyo hugawanyika ikawa ndogo; kwa anayehama kila baada ya siku mbili, hulipwa upya kila kituo. Tena wenye fleti wengi huweka kiwango cha chini cha siku tatu au zaidi katika msimu wa juu, jambo linalomfunga miguu msafiri wa gari.

Juu ya hayo kuna ada ya serikali. Tangu Januari 2024 Ugiriki hutoza hoteli, vyumba na fleti za kupangisha ada ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na viwango vilipandishwa mwaka 2025. Kwa miezi ya Aprili hadi Oktoba, chumba cha domatia hulipiwa euro 2 kwa usiku, sawa na hoteli ya nyota moja au mbili. Hoteli ya nyota tatu hulipiwa euro 5, ya nyota nne euro 10, na ya nyota tano euro 15. Fleti ya muda mfupi hulipiwa euro 8, na nyumba inayojitegemea yenye zaidi ya mita za mraba 80 hulipiwa euro 15. Kwa kawaida ada hii hulipwa unapopokelewa, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Chukua siku saba: domatia watakutoza euro 14, fleti itakutoza euro 56. Tofauti ya euro 42 inakaribia bei ya usiku mmoja mzima katika chumba cha Paleochora mwezi wa Mei. Kwa hiyo fleti inayoonekana kuwa na bei sawa na domatia si sawa nayo hata kidogo, na ukiongeza ada ya usafi ya vituo vitatu pengo linakuwa kubwa zaidi.

Hata hivyo, ada hiyo huhesabiwa kwa chumba au nyumba, si kwa kichwa, na hapo ndipo familia inapopata hesabu tofauti. Baba, mama na watoto wanne watahitaji vyumba viwili vya domatia, pengine vitatu. Fleti moja yenye vyumba viwili vya kulala na sebule yenye kitanda cha kukunjua itawachukua wote kwa ada moja, na jiko kamili litawaokoa na gharama ya kula mgahawani mara tatu kwa siku. Familia ya namna hiyo ningeishauri ichukue fleti, ila ipunguze vituo viwe viwili tu, kimoja magharibi na kimoja mashariki. Ihakikishe pia kwamba tangazo la fleti lina namba ya usajili ambayo sheria ya Ugiriki inamtaka mwenye nyumba aionyeshe. Tangazo lisilo na namba hiyo ni la kuliepuka.

Kwa watu wawili, hukumu yangu ni domatia, na sababu haziishii kwenye fedha. Mwenyeji anayelala chini ya chumba chako ndiye atakayekuambia kwamba barabara ya korongoni imeziba kwa mawe baada ya mvua, kwamba mashua ya kesho haitatoka kwa sababu ya upepo, na kwamba kituo cha mafuta kilicho karibu hufungwa jioni. Ukifika asubuhi kabla ya saa ya kuingia, atakuhifadhia mizigo uende ufukweni. Wenyeji wengi humkaribisha mgeni kwa sahani ya matunda na kikombe kidogo cha raki ya nyumbani. Asiyekunywa pombe huweka mkono kifuani, hushukuru, hula matunda, na hakuna anayekwazika. Fedha unayolipa nayo hubaki kijijini, kwa watu wanaoishi na kulima pale hata wakati wa baridi ambapo wageni hawapo. Kwangu hilo lina uzito.

Hoteli ndogo

Hoteli za nyota moja hadi tatu zinafaa mijini, na mijini pekee. Heraklion, Rethymno, Chania, Agios Nikolaos na Sitia ni miji inayoishi mwaka mzima, na ndani yake zimo hoteli za kawaida zinazotumiwa na Wagiriki wenyewe wanapokwenda hospitalini, mahakamani au kwenye biashara. Mapokezi huwa wazi hadi usiku, kwa hiyo anayetua kwa ndege ya saa nne usiku hana haja ya kumwamsha mtu. Kifungua kinywa mara nyingi kimo kwenye bei.

Tatizo lake ni gari. Sehemu za kale za Chania na Rethymno ni vichochoro vya mawe vilivyojengwa tangu enzi za Waveneti, yaani watawala waliotoka Venisi ya Italia, na gari haliingii. Chumba cha kupendeza ndani ya kuta hizo kitakulazimu kuegesha mbali, pengine kwa malipo ya kila siku, na kuburuta sanduku juu ya mawe. Hoteli isiyovutia sana iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka mji wa kale, lakini yenye uwanja wake wa kuegesha, ni nafuu zaidi ukijumlisha yote. Kabla ya kulipa, uliza swali hili moja: gari litalala wapi, na kwa kiasi gani?

Kuna pia hoteli kubwa za Hersonissos na Malia zinazouza chumba pamoja na milo yote. Katika Aprili au Oktoba bei zake zinaweza kuonekana kama zawadi. Lakini aliyekwisha kulipia chakula cha jioni hujiona analazimika kurudi kukila, na gari alilolikodi hubaki limeegeshwa. Kwa anayetaka kupumzika tu ni chaguo halali. Kwa anayetaka kuzunguka kisiwa ni kulipa mara mbili.

Hema na hosteli

Sheria ya Ugiriki inakataza kupiga hema popote nje ya kambi rasmi, hata kwenye ufukwe usio na mtu, na anayekutwa anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo hema linalolinganishwa hapa ni lile la kambini. Ziko kambi nzuri Paleochora, Agia Galini, pwani ya karibu na Kissamos, na karibu na Pitsidia juu ya ufukwe wa Komos. Hutoza kwa mtu, kwa hema na kwa gari, kila kimoja peke yake. Watu wawili hujikuta wamelipa takriban euro 25 au zaidi kidogo. Ni nusu ya bei ya chumba, na katika Agosti huwa hata chini ya nusu, kwa kuwa bei za kambi hazipandi kwa kasi kama za vyumba.

Swali ni vifaa. Mswahili anayeishi Ujerumani au Uholanzi na mwenye hema lake stoo atapata nafuu ya kweli. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, ambaye atanunua hema, magodoro na jiko la gesi kwa ajili ya safari hii tu, atakuwa amelipa gharama ya vyumba kadhaa kabla ya kulala usiku wa kwanza. Upepo nao ni wa kuzingatiwa. Wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma kwa siku mfululizo, na katika pwani ya kusini huporomoka kutoka milimani kwa nguvu, hasa Plakias, kiasi cha kung'oa vigingi vilivyopigwa kwa uvivu.

Hosteli ni chache. Plakias ina moja iliyo katikati ya mizeituni, inayojulikana kwa miaka mingi na wasafiri wa mabegi ya mgongoni, na miji ya Rethymno na Heraklion nayo inazo. Kwa mtu wa peke yake, kitanda katika chumba cha pamoja hakina mshindani, kwa sababu chumba cha domatia hutozwa karibu bei ile ile awe mmoja au wawili. Lakini wawili wakilipia vitanda viwili vya hosteli, watakuta wamekaribia bei ya chumba chao wenyewe chenye roshani na friji. Hapo hosteli inapoteza maana, isipokuwa kwa anayependa kukutana na watu.

Pwani ya kaskazini, pwani ya kusini na milimani

Mahali pa kulala hupandisha au kushusha bei kuliko hata aina ya malazi. Barabara kuu ya kaskazini, iunganishayo Kissamos, Chania, Rethymno, Heraklion na Agios Nikolaos, ndiyo inayobeba wageni wengi, na hoteli nyingi zimejipanga kandokando yake. Elounda, kaskazini mwa Agios Nikolaos, ni miongoni mwa sehemu ghali kupita zote nchini Ugiriki. Kutoka Agios Nikolaos hadi Ierapetra katika pwani ya kusini ni kilomita 36 tu, kwa kuwa hapo ndipo kisiwa kilipo chembamba kuliko kwingine, na upande huo wa pili bei ni za dunia nyingine. Ierapetra ni mji wa wakulima wa nyanya na matango yanayokuzwa ndani ya nyumba za plastiki. Maduka, mikahawa na vyumba vyake haviishi kwa kumtegemea mtalii peke yake. Mwendo mfupi kuelekea magharibi kuna Myrtos, kijiji kidogo chenye domatia nyingi, na mtu anaweza kulala pale akatembelea Zakros, msitu wa mitende wa Vai na hata hiyo Elounda kwa safari za mchana.

Kusini-magharibi, Paleochora hufanya kazi hiyo hiyo. Chora Sfakion ni ya mpito zaidi, mahali pa kuacha gari na kupanda mashua kwenda Loutro na Agia Roumeli, vijiji visivyo na barabara. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba mabaharia waliomsafirisha Paulo walibishana mahali pa kupitisha majira ya baridi: Bandari Nzuri ilionekana haifai, nao wakataka kufika Foinike. Foinike inakubalika kuwa jirani ya Loutro, na Bandari Nzuri ni Kaloi Limenes, kijiji kidogo karibu na Lentas ambacho leo kina matangi ya mafuta ya meli kwenye kisiwa kilicho mbele yake. Kwa msafiri wa gari, hata hivyo, Loutro ni ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa kuwa kulala kule huku ukilipia gari lililoegeshwa Chora Sfakion ni kulipia vitu viwili na kutumia kimoja.

Milimani ndiko kusikotazamwa ipasavyo. Spili, kusini mwa Rethymno, Zaros chini ya mlima Psiloritis, na vijiji vya uwanda wa Lasithi vina vyumba vya bei ya wastani hata katika wiki ambazo pwani imejaa, na usiku wake wa Agosti ni wa baridi kiasi kwamba kiyoyozi hakihitajiki. Anayekwama Agosti bila nafasi pwani aelekee huko, ashuke baharini asubuhi na kupanda tena kabla ya giza.

Kabla ya giza nimesema kwa makusudi. Barabara za kusini ni kona juu ya kona, mbuzi hulala juu ya lami kwa sababu ina joto, na dereva aliyezoea kuendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda huwa bado anajifunza upande wa kulia. Chumba cha bei nafuu kinachokulazimu kuvuka mlima usiku si cha bei nafuu. Mwenye leseni ya Afrika Mashariki abebe pia kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa nyumbani kabla ya safari.

Kuweka nafasi

Anayehitaji viza ya Schengen hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala kwa muda wote wa safari, pamoja na bima ya angalau euro 30,000, kwa hiyo hawezi kwenda bila mpango na kutafuta mabango ya vyumba barabarani, kama wafanyavyo wenye pasi za Ulaya. Kwake, njia bora ni kuweka nafasi zinazoweza kufutwa bila gharama, katika vituo anavyokusudia kwa dhati kuvitumia, na viza ikishatoka awasiliane na wenyeji moja kwa moja kuuliza kama wanaweza kupunguza bei kwa siku tatu au nne. Wengi hukubali, kwani wavuti za kuweka nafasi huwakata kamisheni.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen ana uhuru zaidi. Mei na mwishoni mwa Septemba anaweza kuweka nafasi ya usiku wa kwanza tu na kuamua yaliyobaki njiani. Asijaribu hivyo katikati ya Agosti. Tarehe 15 Agosti Wagiriki huadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria, na familia kutoka Athens hurejea visiwani kwa wingi. Chumba kinachopatikana wiki hiyo hupatikana kwa bei ya aliyechelewa. Kuanzia Novemba hadi Machi tatizo ni kinyume chake, kwani domatia nyingi za kusini hufungwa kabisa, na malazi ya kuaminika hubaki kwenye miji ya kaskazini, Ierapetra na, kwa kiasi fulani, Paleochora.

Anayeanzia Athens ana njia moja zaidi ya kupunguza. Meli za usiku kutoka Piraeus hadi Heraklion au Souda, bandari ya Chania, huondoka jioni na kufika asubuhi, na tiketi ya kawaida isiyo na kitanda humwondolea msafiri gharama ya malazi ya usiku huo. Gari alikodi akishafika kisiwani, kwa sababu makampuni mengi hayaruhusu magari yao kupanda meli bila idhini na malipo ya ziada.

Kwa watu wawili wenye siku nane, ningepanga hivi: siku mbili katika hoteli ndogo ya Chania yenye maegesho, siku tatu katika domatia ya Paleochora au Plakias, siku mbili Myrtos, na usiku wa mwisho katika hoteli ya kawaida mjini Heraklion. Usiku huo wa mwisho utaonekana ghali ukiulinganisha na Myrtos, lakini kutoka Myrtos hadi uwanja wa ndege ni mwendo wa takriban saa mbili, na ndege nyingi za kurudi huondoka asubuhi na mapema.